Kigae (cha kutolea maji shambani)

kigae nm ki/vi (wingi: vigae)

1. Kipande cha chungu au cha chombo kingine cha udongo kilichovunjika.
2. Bamba la udongo uliochomwa, la kuezekea paa au kusakafia nyumba.
3. (katika tafsiri za kilimo) Kipande cha bomba la udongo uliochomwa kinacholazwa chini ya shamba ili kuondoa maji yaliyozidi.

Maana ya tatu imeingia kwa njia ya tafsiri, nayo ndiyo inayowatatiza wafasiri wa maelezo ya kukarabati mabomba ya zamani yaliyofukiwa mashambani, hasa ya Marekani na Uingereza.

Asili ya jina

Mwanzoni mwa karne ya 19, wakulima wa Uingereza na Uskoti walitumia vigae vilivyopindwa mfano wa kwato ya farasi, vikafunika njia ya maji chini ya udongo. Baadaye umbo likawa mviringo kamili, lakini jina la kigae likabaki. John Johnston, mkulima mzaliwa wa Uskoti, alianza kuvilaza shambani kwake karibu na Geneva, jimbo la New York, katika miaka ya 1830. Kwa vifaa hivyo hivyo, kinamasi kikubwa cha kaskazini-magharibi mwa Ohio kiligeuzwa mashamba. Mabomba ya plastiki yenye matundu yalianza kushika nafasi yake mwishoni mwa miaka ya 1960, ila mengi ya udongo yangali yanafanya kazi.

Matumizi

Msomaji wa Kiswahili akiambiwa "badilisha vigae vilivyovunjika", atatazama paa au sakafu. Kwa hiyo, mara ya kwanza andika "bomba la udongo la kutolea maji chini ya ardhi". Baada ya hapo "bomba la udongo" latosha. Neno "mtaro" liachiwe njia ya maji iliyo wazi, au shimo refu linalochimbwa ili kulifikia bomba.

Si: Vigae vya shamba vimeziba.
Bali: Mabomba ya udongo yaliyo chini ya shamba yameziba.

Ziba na zibua

"Ziba" lina pande mbili: bomba huziba lenyewe kwa mizizi au tope, na fundi huziba ufa kwa kusudi. Kinyume chake ni "zibua", yaani kuondoa kilichoziba. Hapa ndipo penye hatari kubwa ya tafsiri. Vipande vya bomba la udongo, kila kimoja chenye urefu wa sentimita 30 hivi, hupangwa kichwa kwa kichwa bila saruji; maji ya shamba huingia kupitia nafasi nyembamba za maungio. Matini ya asili ikisema maungio yafunikwe ili udongo usipenye, nawe ukaandika "ziba maungio", mkulima atayapaka saruji. Bomba litakuwa zima, shamba litabaki na maji, na mazao yataoza mizizi.

Si: Ziba maungio yote.
Bali: Funika maungio kwa kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia udongo.

Fukua na fukia

Herufi moja hutenganisha kuanza na kumaliza: "fukua" ni kutoa udongo shimoni, "fukia" ni kuurudisha. Hakiki kila kimoja kabla ya kuchapisha.

Unga

"Unga" ni kuunganisha. Usidhani kinyume chake ni "ungua", kwa mfano wa ziba na zibua: "ungua" ni kupatwa na moto. Tumia "tenganisha" au "ondoa".

Mfano wa matini

Dimbwi lisilokauka huashiria kwamba bomba limeziba mahali fulani upande wa chini yake. Shimo lililodidimia ghafla huashiria kwamba bomba limevunjika na udongo unamezwa ndani. Tafuta kwanza mdomo wa bomba unakomwagia maji, uuzibue. Kisha fukua penye dalili, hadi uone vipande vizima pande zote mbili za palipoharibika. Kuta za mtaro mrefu wa kwenda chini huweza kuporomoka na kumfukia mtu. Ziegemezwe kwa mbao kabla ya yeyote kushuka. Ondoa vipande vilivyovunjika na tope. Laza kipande kipya juu ya udongo ulioshindiliwa, chenye kipenyo cha ndani kisichopungua kile cha zamani, na kwa mteremko ule ule. Pima kwa pimamaji, kwa kuwa sehemu iliyobonyea itakusanya tope upya. Unga kipya na cha zamani kwa kiungo kinachobana. Fukia kwa mkono kwanza, udongo laini ukizunguka bomba, ndipo uliobaki urudishwe.

Kwa walimu

Wape wanafunzi aya hiyo wabadilishane "fukua" na "fukia", kisha waeleze lingempata nini mtu aliyemo mtaroni. Kauli ya kutendua hukaa akilini upesi zaidi pale kosa lake linapoonekana kwa macho.