Msomi wa Malungu

Wadau, likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Sumbawanga. Nilimwambia baba mdogo kwamba nafikiria kuacha gazeti kwa muda nikasome shahada ya uzamili ya urithi wa utamaduni. Akaniuliza: “Mwanangu, hiyo kazi yake ni nini?”

Sikuwa na jibu. Nililipata kesho yake, shambani kwa jirani yake, mbele ya ilungu.

Ilungu ni tanuri la Wafipa la kuyeyushia chuma. Ni mnara wa udongo, mengine yanakaribia mita 3 kwenda juu, na halikuhitaji mivukuto: hewa iliingia kwa matundu ya chini, moto ukajivuta wenyewe. Chuma kilichotoka kilisafishwa katika tanuri dogo lenye mivukuto, kintengwe. Humo yalitoka majembe ya Ufipa, mpaka majembe ya kiwandani kutoka ng'ambo yakaiua kazi hiyo wakati wa ukoloni.

Mwaka 1937 Greig aliandika habari hizi katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mtanzania Bertram Mapunda akauchunguza ufuaji chuma huo kwa shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Florida, 1995. Baadaye alifundisha akiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2010 akatoa kitabu kizima juu ya chuma cha Wafipa. Kazi zote hizo ni za Kiingereza. Baba mdogo hajasoma hata moja.

Sasa tazameni. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ya baadaye yanasubiri tamko la waziri. Wafipa waliyeyusha chuma hadi karne ya 20. Kwa hiyo ilungu la mwaka 1900 laweza kung'olewa na trekta, na sheria hiyo isimguse mtu.

Nani atalipima umri, aliandikishe, azungumze na mwenye shamba kwa lugha yake, kisha apeleke hoja kwa waziri? Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Nilimweleza baba mdogo hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Basi kasome. Ila ukimaliza, uje utusomee na sisi.”

Ada bado naitafuta. Mnanishauri vipi, wadau?