Vikundi vya Majadiliano katika Elimu ya Watu Wazima Tanzania, 1969–1975

Mwaka 1973 watu wazima wapatao milioni mbili nchini Tanzania walikutana katika vikundi vidogo kwa muda wa majuma 12, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu, kisha wakatakiwa wazungumze juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Kampeni hiyo iliitwa Mtu ni Afya. Waandishi wa historia ya elimu wameieleza mara nyingi kwa hesabu: viongozi wa vikundi 75,000 waliofunzwa, vyoo mamia kwa maelfu vilivyochimbwa. Hesabu hizo ni za kustaajabisha, wala hapana haja ya kuzipunguza. Walakini hazijibu swali moja ambalo mwanafunzi wa lugha hana budi kuliuliza: je, katika vikundi hivyo watu walijadiliana, au walisikiliza tu?

Mbinu yenyewe haikuzaliwa Afrika Mashariki. Nchini Sweden duara za masomo zilianza mwaka 1902 mjini Lund kwa juhudi za Oscar Olsson, katika vyama vya watu walioacha ulevi. Wafanyakazi na wakulima walikusanyika bila mwalimu, wakasoma kitabu kimoja na kuulizana. Nchini Kanada, kuanzia mwaka 1941, wakulima walikutana majumbani kusikiliza kipindi cha redio na kukijadili, nao wakawa na wito wao wa kusoma, kusikiliza, kujadili na kutenda. UNESCO iliipenda njia hiyo, na mwaka 1956 ikajaribiwa katika vijiji vya India karibu na Pune. Tanzania ilipoichukua, basi, ilichukua kitu kilichokwisha kupimwa. Jipya lilikuwa ukubwa wake, na hali ya wanakikundi. Duara la Sweden lilikuwa la watu waliojua kusoma. Katika Tanzania ya mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua.

Kampeni ya kwanza, Kupanga ni Kuchagua, ilifanywa mwaka 1969 ili kuueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano. Mwaka uliofuata, ambao Julius Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, ilikuja Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1971, Tanganyika ilipotimiza miaka 10 ya uhuru, ikaja Wakati wa Furaha iliyokuwa na washiriki 20,000 hivi. Nyuma ya zote ilikuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ikapata sheria yake yenyewe mwaka 1975. Kutoka washiriki 20,000 hadi milioni mbili ni safari ya miaka miwili tu.

Kikao kilipangwa hivi. Watu kama 15 waliketi pamoja. Kipindi cha redio kikasikilizwa. Palipokosekana redio au betri, kijitabu kilitosha. Kiongozi, au mwanakikundi ajuaye kusoma, akasoma sura ya juma hilo kwa sauti. Kisha kiongozi akauliza: Je, haya yapo kwetu? Yanatoka wapi? Tufanye nini? Mwisho kikundi kikakata shauri juu ya kazi ya kutenda kabla ya kikao kijacho, kama kuchimba shimo la choo, kufyeka majani karibu na nyumba au kufukia madimbwi ya maji.

Neno hilo, shauri, linastahili kutazamwa kidogo. Mjadala umetokana na Kiarabu, na asili yake ni kushindana kwa hoja. Harufu ya ubishi haijautoka hata leo. Mazungumzo, kwa upande mwingine, huweza kuwa maongezi ya kupitisha wakati barazani. Shauri pia ni la asili ya Kiarabu, lakini katika Kiswahili limebeba mambo matatu kwa pamoja: ushauri anaopewa mtu, jambo lenyewe linalosumbua, na uamuzi unaokatwa. Kikundi cha mwaka 1973 kiliitwa cha majadiliano, lakini kilipofanya kazi vizuri kilikuwa kikundi cha mashauri. Watu hawakuja kushindana. Walikuja na jambo, wakaondoka na uamuzi. Ndiyo maana wazee ambao wasingekubali kukaa darasani kama watoto waliweza kukaa humo: kukata shauri ni kazi yao ya siku zote.

Hapa pana mgongano ambao haukuangaliwa vya kutosha. Majina mengi ya kampeni yaliundwa kwa kijineno ni: Kupanga ni Kuchagua, Mtu ni Afya, na baadaye Chakula ni Uhai. Sentensi ya namna hiyo haina wakati, haina mtenda, wala haina shaka. Ni umbo la methali: elimu ni bahari, akili ni mali. Msikilizaji hana pa kuingilia ila kwa kuikanusha, na nani angesimama mbele ya jirani zake aseme kwamba mtu si afya? Wito ulifunga mlango ambao maswali ya kiongozi yalitakiwa kuufungua. Uchaguzi ni Wako peke yake ulimgeukia msikilizaji na kumkabidhi kitu, ingawa katika uchaguzi wa mwaka 1970 wapiga kura walichagua mmoja kati ya wagombea wawili wa ubunge, na kwa Rais walikuwa na ndiyo au hapana tu.

Mahali ambapo majadiliano hayakuweza kuepukika palikuwa katika maneno ya magonjwa. Homa, kwa msemaji wa kawaida, ni joto la mwili lolote. Malaria ni moja tu kati ya homa. Safura lilikuwa neno la dalili: kuishiwa damu, kuvimba, kugeuka rangi, asili yake ya Kiarabu ni umanjano. Kijitabu kililifunga neno hilo kwa mnyoo uingiao kwa nyayo za mtu atembeaye peku penye kinyesi. Kukubali maana hiyo kulikuwa kukubali nadharia nzima juu ya chanzo cha ugonjwa, na kuwaacha wengine waliokuwa wakitajwa, kama vile husuda ya jirani. Jambo kama hilo halimalizwi kwa kusomewa sura moja. Lahitaji mtu aseme, “Mbona fulani huvaa viatu na bado anaugua?” na mwingine amjibu.

Choo nacho kilileta tabu yake. Neno lenyewe lina maana mbili, mahali na kitu, na adabu huwafanya wasemaji wakimbilie msalani, haja na kujisaidia. Katika jamii nyingi za Tanzania mtu hathubutu kulitaja jambo hilo mbele ya mkwewe, na pengine hata kuonekana akielekea huko. Kikundi kilichokusanya wakwe na wakaza wana mahali pamoja kilitakiwa kulizungumza waziwazi. Zaidi ya hayo, Radio Tanzania ilitangaza kwa Kiswahili bila lugha za makabila, na palipokuwa na wanawake au wazee wasiokizoea Kiswahili, kiongozi akawa hana budi kuwa mkalimani pia. Mkalimani huchagua. Tafsida ya Kiswahili ilipoingia katika Kisukuma au Kigogo ilitafuta tafsida nyingine, na sehemu kubwa ya mafunzo, yamkini, ilifanyika katika kutafuta huko.

Kiongozi alifunzwa kwamba yeye si mwalimu. Agizo hili lilikuwa gumu kuliko lilivyoonekana. Wengi wa viongozi walitoka miongoni mwa walimu wa shule, watumishi wa serikali na wanachama wa TANU, watu waliozoea kusema huku wengine wakinyamaza; na ni vigumu kumwambia mtu asiwe mwalimu katika nchi ambayo Rais wake mwenyewe aliitwa Mwalimu kwa heshima. Muda nao ulimsukuma. Redio ikiisha na kijitabu kikisomwa, jua limekwisha kushuka na wanawake wanawaza chakula cha jioni. Njia fupi ni kutangaza jibu.

Mwaka huohuo, mwezi wa Novemba, ikatangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri. Watu walioombwa wakate shauri juu ya choo hawakuombwa shauri juu ya mahali pa nyumba, na waliohamishwa waliacha nyuma yao walivyokuwa wamejenga, vyoo na vyote. Haitoshi kusema kwamba kampeni ilikuwa ya hiari na uhamisho wa lazima. Mara nyingi mjumbe wa nyumba kumi aliyewaita watu kikundini ndiye aliyewapelekea habari ya kuhama, kwa lugha ileile ya maendeleo.

Chakula ni Uhai ilifuata mwaka 1975, baada ya ukame na uhaba wa chakula wa miaka ya 1973 na 1974, na watu kwa mamilioni wakaingia tena vikundini. Safari hii swali la “tufanye nini?” lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa aliyekosa mtama ghalani alijua kabla ya kuambiwa kwamba chakula ni uhai. Alichohitaji kukijadili ni mvua, bei, na shamba lililobaki mbali na kijiji kipya. Taarifa zilizobaki za kampeni hizi huhesabu vikundi, vijitabu, mashimo na bustani. Maswali ambayo wanakikundi walimuuliza kiongozi naye akakosa jibu hayakuwa na safu katika fomu.