Kurudi kwa Yesu: makanisa yanafundisha nini, na juu ya nini hakuna mwenye kujua siku

Nia-Nia ni njia panda. Barabara ya taifa namba 4 inapita pale kutoka Kisangani kuelekea Mambasa na Komanda, na njia nyingine inapanda kaskazini kwenda Wamba na Isiro. Mizigo inapita, wachimba dahabu wanapita, na mahubiri pia yanapita. Katika teritwari ya Mambasa, ambako watu wamekimbia vijiji vyao mara nyingi juu ya mashambulio ya ADF, neno moja linasikika sana: "Vita iko, magonjwa iko, basi Yesu iko karibu."

Neno hilo si geni katika Ukristo. Tangu mwanzo Wakristo wanaamini kwamba Yesu atarudi. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kusema "atarudi" na kusema "atarudi mwezi fulani, uzeni mashamba." La kwanza ni mafundisho ya makanisa karibu yote. La pili limeangusha familia nyingi, na katika nchi za jirani limeua mamia ya watu.

Kuja mara mbili

Mafundisho ya kikristo yanasema juu ya kuja kwa Yesu mara mbili. Mara ya kwanza alizaliwa Betlehemu, akafundisha, akasulubiwa na akafufuka. Mara ya pili atakuja kwa utukufu, wafu watafufuka, na watu wote watahukumiwa. Jambo hili limo katika Kanuni ya Imani iliyoandikwa kwenye mtaguso wa Nikea mwaka 325 na kukamilishwa Konstantinopoli mwaka 381. Wakatoliki, Waanglikani na Waprotestanti wengi wanaikubali mpaka leo.

Katika Agano Jipya, neno la Kigiriki linalotumika mara nyingi ni parousia. Maana yake ni kufika au kuwapo. Lilitumika pia kwa ziara ya mfalme katika mji wake, wakati wakaaji walipotoka nje kumpokea. Wakristo wa kwanza walikuwa pia na sala fupi ya Kiaramu, maranatha, yenye kumwomba Bwana aje. Paulo aliiacha vile ilivyo katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, ingawa barua yenyewe aliiandika kwa Kigiriki.

Kwa Wakatoliki, kipindi cha Majilio kinakumbusha mambo hayo mawili pamoja. Kinaanza siku ya Mungu iliyo karibu na tarehe 30 mwezi wa 11. Watu wengi wanafikiri ni matayarisho ya Noeli tu. Kumbe mpaka tarehe 16 mwezi wa 12 masomo ya misa yanatazama zaidi kurudi kwa Yesu, na kuanzia tarehe 17 yanageukia kuzaliwa kwake.

Maandiko yanasema nini juu ya ile siku

Hapa maneno ya Biblia ni wazi. Katika Marko sura ya 13, mstari wa 32, Yesu anasema kwamba siku ile na saa ile hakuna mtu anayeijua, hata malaika, hata Mwana, isipokuwa Baba peke yake. Katika Matendo sura ya 1, wanafunzi wanamuuliza kama sasa ndio wakati wa kurudisha ufalme. Anawajibu kwamba si kazi yao kujua majira ambayo Baba ameyaweka chini ya mamlaka yake. Kisha anawapa kazi ya kuwa mashahidi wake mpaka mwisho wa dunia.

Kwa hiyo mhubiri anayetaja tarehe anadai kujua kitu ambacho, kwa maneno ya Injili, malaika hawakijui.

Hata Paulo alipambana na habari za uongo. Katika barua ya pili kwa Wathesalonike, sura ya 2, anawaonya waamini wasitikisike kwa unabii, kwa mahubiri, wala kwa barua inayosemekana imetoka kwake, yenye kudai kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika. Maana yake, tangu karne ya kwanza mtu aliweza kuandika ujumbe, akatia jina la mtume ndani, na watu wakaogopa. Leo ujumbe wa namna hiyo unakuja kwa sauti ya WhatsApp, unatumwa kutoka simu moja hadi nyingine, na hakuna anayejua nani aliusema wa kwanza.

Vita, magonjwa na alama

Watu wanasemaka: lakini Yesu mwenyewe alitaja vita, njaa na matetemeko. Ni kweli, yako katika Mathayo sura ya 24 na Marko sura ya 13. Ila katika maneno hayohayo anawaambia wasiogope, kwa sababu huo bado si mwisho. Anayafananisha na mwanzo wa uchungu wa mwanamke mwenye kuzaa.

Historia inaonyesha kwa nini tahadhari hiyo ni ya lazima. Hekalu la Yerusalemu lilibomolewa na Waroma mwaka 70. Ndani ya Kongo, watu wa mashariki walipita katika uasi wa Simba mwaka 1964, wakapita katika vita vilivyoanza mwaka 1996, na Ebola iliyotangazwa mwezi wa 8 mwaka 2018 ilidumu mpaka mwezi wa 6 mwaka 2020, ikaua watu zaidi ya 2.200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Kila kizazi kilikuwa na sababu ya kufikiri kwamba ni chenyewe cha mwisho. Barua ya pili ya Petro, sura ya 3, inajibu wanaouliza juu ya nini Bwana anakawia: kwa Mungu siku moja na miaka elfu ni sawa, na kukawia kwake ni uvumilivu, watu wapate nafasi ya kutubu.

Mahali makanisa yanatofautiana

Kwamba Yesu atarudi, wanakubaliana. Namna atakavyorudi, hapo kuna njia nyingi.

Kanisa Katoliki linafundisha kwamba kila mtu anahukumiwa anapokufa, na kwamba hukumu ya wote itakuja mwisho wa dunia. Katekisimo yake ya mwaka 1992 inakataa wazo la kwamba ufalme wa Mungu utakamilika ndani ya historia ya dunia hii kabla ya hukumu hiyo.

Makanisa mengi ya uamsho na sehemu ya makanisa ya kiinjili yanafundisha unyakuo: waamini watachukuliwa juu kwanza, kisha itakuja dhiki kuu ya miaka saba, kisha Yesu atatawala duniani miaka elfu moja. Wanatumia 1 Wathesalonike sura ya 4 na Ufunuo sura ya 20. Mpangilio huo ulienezwa katika karne ya 19 na mhubiri John Nelson Darby, kisha na Biblia yenye maelezo ya Scofield iliyotoka mwaka 1909. Wakristo wengine wanasoma sura hizohizo bila kuona unyakuo uliotenganishwa na kurudi kwenyewe.

Waadventista wa Siku ya Saba wanafundisha kwamba wafu wamelala mpaka Yesu atakaporudi, na kwamba kila jicho litamwona. Mashahidi wa Yehova wanaamini kwamba Kristo alianza kutawala mbinguni mwaka 1914, bila kuonekana.

Kaskazini mwa Nia-Nia, Injili ya Kiprotestanti ililetwa na misheni ya Mwingereza C. T. Studd, aliyefika Kongo mwaka 1913 na akafa Ibambi mwaka 1931. Kanisa la CECCA-16 lilitoka katika kazi hiyo. Wamisionari wengi wa nyakati zile walisukumwa na mstari wa 14 wa Mathayo 24, unaosema Injili itahubiriwa kwa mataifa yote kabla ya mwisho. Katika eneo hili, tumaini hilo liliacha makanisa, shule na hospitali.

Tarehe zilizotajwa, na yaliyofuata

Amerika, mwaka 1844. Mkulima William Miller alihesabu miaka ya kitabu cha Danieli, na wafuasi wake wakafikia tarehe 22 mwezi wa 10. Maelfu walingoja. Wakulima wengine waliacha mazao shambani bila kuvuna. Siku ikapita. Baadhi ya waliobaki walianzisha Kanisa la Waadventista mwaka 1863, na kanisa hilo linafundisha leo kwamba tarehe isitajwe.

Masisi na Lubutu, mwaka 1944. Kitawala, iliyotokana na mafundisho ya Watch Tower kupitia nchi za kusini, ilihubiri kwamba utawala wa wazungu unaisha. Mbele ya kazi ya kulazimishwa na kodi ya mkoloni, neno hilo lilipata masikio. Bushiri Lungundu aliongoza uasi, na Wabelgiji wakauzima kwa nguvu nyingi.

Kanungu, Uganda, mwaka 2000. Si mbali na mpaka wa Kongo, kundi lililojiita Mwendo wa Kurudisha Amri Kumi za Mungu, likiongozwa na Joseph Kibweteere na Credonia Mwerinde, lilisema dunia itaisha mwaka 1999 utakapomalizika. Waamini walikuwa wameuza mali na kuleta franga kwa viongozi. Mwaka mpya ulipofika na dunia ikabaki, waliambiwa wangoje tena. Tarehe 17 mwezi wa 3 mwaka 2000 mamia waliungua ndani ya kanisa lililofungwa, na maiti nyingine zikakutwa zimefukiwa katika nyumba za kundi hilo.

Shakahola, Kenya, mwaka 2023. Katika msitu wa kaunti ya Kilifi, maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa, na ndani yao kulikuwa watoto. Walionusurika walisema waliambiwa wafunge chakula mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa, naye akakana mashtaka.

Kukesha maana yake nini

Yesu hakuwaambia wanafunzi wahesabu. Aliwaambia wakeshe. Na mara tu baada ya kusema hivyo, Mathayo sura ya 25 inaeleza kukesha kwa mambo matatu. Wanawali wenye akili waliweka mafuta ya akiba, kwa sababu walijua bwana arusi anaweza kukawia. Watumwa wema walifanya kazi na mali waliyopewa, na yule aliyeificha chini ya udongo ndiye aliyelaumiwa. Na katika hukumu, swali linalopimwa ni nani aliwapa chakula wenye njaa, nani aliwapokea wageni, nani aliwatembelea wagonjwa na wafungwa.

Katika eneo lenye wakimbizi wa ndani, maneno hayo hayahitaji kufasiriwa sana. Jamaa inayofungua mlango kwa watu waliokimbia usiku inakesha. Mama anayepanda muhogo ingawa hajui kama atauvuna anakesha. Thesalonike nako watu wengine walikuwa wameacha kazi, wanajiingiza tu katika mambo ya wengine. Paulo aliwaamuru wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe.

Tumaini hili halipunguzi uzito wa kifo. Mwenye heri Anuarite Nengapeta, masista wa Wamba, aliuawa Isiro tarehe 1 mwezi wa 12 mwaka 1964. Ukumbusho wake unaangukia siku ambazo Majilio yanaanza. Usiku wa kuamkia tarehe 27 mwezi wa 7 mwaka 2025, ADF waliua watu zaidi ya 40 huko Komanda, wengi wao wakiwa katika mkesha wa sala kanisani. Kwa Mkristo, kusema Yesu atarudi ni kusema kwamba wale hawakusahauliwa, na kwamba wauaji watasimama mbele ya hakimu mmoja. Hayo ndiyo Paulo aliandika katika 1 Wathesalonike sura ya 4: aliwaandikia waliofiwa ili wafarijiane.

Maswali ya kuuliza mbele ya mhubiri

Mtu anaposikia tangazo la siku za mwisho, anaweza kulipima kwa maswali machache.

Je, anataja mwaka, mwezi au siku? Basi amepita mpaka uliowekwa na Marko 13.

Je, anaomba watu wauze shamba, nyumba au mbuzi, na franga ziende mikononi mwake? Kanungu ilianza hivyo.

Je, anakataza dawa, hospitali au chanjo? Je, anasema watoto waache masomo, kwamba minervali ni bure kwa sababu dunia inaisha? Mtoto hakuchagua, na yeye ndiye wa kwanza kuumia.

Je, anatenga watu na jamaa zao, anawahamisha porini, anawakataza kuulizana na mapadri au wachungaji wengine? Mafundisho ya kweli hayaogopi kuulizwa.

Je, kanisa lake linajulikana? Sheria namba 004/2001 ya Kongo inataka mashirika ya dini yaandikishwe. Karatasi peke yake haithibitishi uzuri wa mtu, lakini mwenye kukimbia kila ofisi anapaswa kutazamwa vizuri.

Kama jibu la mojawapo linatia wasiwasi, ni vema kuzungumza na wazee wa kanisa, shefu wa kijiji au muuguzi wa kituo cha afya kabla ya kuuza chochote. Na kama kuna watoto wanaonyimwa chakula au dawa, polisi wajulishwe mara moja. Shamba likishauzwa ni vigumu kulirudisha, na tarehe iliyotajwa ikipita, mhubiri anaweza kutaja nyingine.