Mkanda wa V au mkanda kabari?

Fundi akienda dukani kutafuta mkanda wa mashine yake ya kukereza huomba "mkanda wa V", na muuzaji humpa. Jina hilo limeenea na linaeleweka. Lakini herufi V inaeleza umbo tu. Haisemi mkanda unashikaje. Ndiyo maana mimi napendekeza mkanda kabari.

Kabari kila mpasua kuni anaijua: ukiigonga kwenye ufa, hubana kwa mbavu zake mbili. Mkanda huu nao ni vivyo hivyo. Mbavu zake zina pembe ya nyuzi 40 hivi, na mfuo wa puli umebana kidogo zaidi, nyuzi 34 hadi 38. Mota ikivuta, mkanda huzama na kukaba kuta za mfuo. Tumbo lake halipaswi kugusa sakafu ya mfuo kamwe. Wajerumani nao huuita Keilriemen, yaani ukanda wa kabari. Kwetu nimeliacha lile "wa" kwa makusudi, maana mkanda wa kabari unaweza kudhaniwa ni wa kufungia kabari, ilhali hapa mkanda wenyewe ndio kabari.

Mashine yangu iliwahi kuteleza kila nilipogusisha patasi kwenye mninga. Nikaisogeza mota ili kuukaza mkanda, nikaisogeza tena, hadi beringi zikaanza kulia. Nilipomulika ndani ya puli nikaona sakafu ya mfuo inang'aa kama kioo. Mkanda ulikuwa umelika mbavu, umeshuka, umekalia tumbo. Ulikuwa haubani tena.

Je, mkanda kabari unaungika? Mkanda wa ngozi wa cherehani ya miguu ukilegea, fundi hukata kipande, akatoboa tundu, akaunga kwa waya, kazi ikaendelea. Mkanda kabari wa kawaida haukubali, kwa sababu nguvu yake imo kwenye nyuzi zinazozunguka ndani ya mpira; ukizikata umebakiwa na mpira mtupu. Na ulio mpya, kwa kuwa hauna kiungo, kwenye mashine kama yangu hauingii mpaka uchomoe ekseli nzima.

Kwa hiyo nilivisha mkanda wa pingili: vipande vifupi vilivyopishana na kushikana, hufunguliwa, huzungushwa, hufungwa palepale. Kila pingili ina mbavu zake za mteremko, kwa hiyo nao ni mkanda kabari. Ukilegea, natoa pingili moja, na mota inabaki ilipo.