Kutoka kadi ya Benaco hadi tokeni ya dakika 15

Tarehe 28 Aprili 1994 watu walianza kumiminika kwenye daraja la Rusumo, wakitoka Rwanda kuingia wilayani Ngara. Ndani ya takribani saa 24 walikuwa wamevuka zaidi ya 200,000. Sisi tuliokulia Biharamulo, wilaya ya jirani, habari za kambi ya Benaco tulisimuliwa na wazazi.

Kambini chakula kilihitajika haraka, na swali likaja papo hapo: nani anastahili, na je, ameshachukua? Mwanzoni mgao ulipitia kwa viongozi wa komuni, na baadhi yao walikuwa wameshiriki mauaji ya kimbari. Wao ndio waliotaja idadi ya watu wao, na wapo walioiongeza. Yaani aliyeshika orodha alishika na tumbo la mwenzake.

Kuandikisha kila kaya na kuipa kadi yake ya chakula kulipunguza nguvu hiyo. Ila kadi nayo ina udhaifu: anayeishika ndiye anayehudumiwa, hata kama kaiiba au kainunua. Ndiyo maana kwa kawaida kadi za namna hii hutobolewa kila mgao, na baada ya muda watu huandikishwa upya.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Tuseme zahanati imeweka taarifa za wagonjwa kwenye hifadhidata iliyo kwenye seva ya kukodi, kupitia intaneti. Kwa miaka mingi programu zilijitambulisha kwa nenosiri lililoandikwa ndani ya faili. Likivuja, mwizi anaingia leo, kesho, hata mwakani. Hiyo si ni kadi isiyotobolewa?

Dawa yake ni ya zamani kidogo. Miaka ya 1980, chuo cha MIT cha Marekani kilitengeneza Kerberos, mfumo unaotoa tiketi zenye muda maalumu. Leo Amazon RDS inaruhusu jambo linalofanana na hilo: programu inatambuliwa kwanza na mfumo wa utambulisho, kisha inatumia tokeni yenye saini badala ya nenosiri. Baada ya dakika 15 tokeni hiyo haifungui tena muunganisho mpya.

Mwizi amebanwa, lakini nguvu haijapotea, imehamia kwa mtoa tokeni. Akidanganywa yeye, asiyestahili atapewa tokeni halali kabisa. Kwa hiyo ukikagua mfumo wowote, usiishie kwenye kadi. Uliza pia nani ameshika orodha.