Kupiga na Kuficha: Meza ya Kijani Mjini Jinja

Kabla meza ya biliadi haijafika ukingoni mwa mto Naili, mipira yake ilikuwa imekwisha kutoka huku. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza ya Kabaka Suna wa Buganda mnamo mwaka 1844, na tangu siku hizo misafara ya watu wa Unguja ilirejea pwani na pembe za ndovu, ambazo kwa sifa ya ulaini wake zilivushwa bahari hadi Ulaya na Marekani, mafundi wakazikereza zikawa vibao vya vinanda, vitana, na mipira ile iliyogongana usiku kucha katika majumba ya mabwana. Pembe nzima ilitoa mipira michache tu, hata ughali wake ukawalazimisha watu kutafuta mbadala, na John Wesley Hyatt wa Marekani akaunda seluloidi mnamo mwaka 1869.

Mchezo wenyewe ulitujia katika mizigo ya maofisa wa Kiingereza. Snuka ilizaliwa mwaka 1875 katika kambi ya Jabalpur, Bara Hindi, kwa fikra za luteni Neville Chamberlain (siye yule waziri mkuu wa Uingereza), na kutoka Hindi hadi vilabu vya kikoloni vya Afrika Mashariki haukuwa mwendo mrefu. Humo, kuuficha mpira mweupe nyuma ya mwingine ili mpinzani akose njia kulihesabiwa kuwa maarifa, kwani mwanachama alikuwa na jioni nzima, ada amekwisha kulipa, wala hapakuwa na mtu wa kumharakisha. Mwafrika wa Jinja, mji wa Uganda uliokua kwa reli ya Namasagali ya mwaka 1912, kisha kwa bwawa la Owen Falls alilolifungua Malkia Elizabeth mwezi Aprili 1954, aghalabu aliingia vyumba vya namna hiyo akiwa na sinia mkononi. Uwanja wa gofu wa mji huo, nalitaja kwa kupita, ulikuwa na kanuni ya kumhurumia mchezaji ambaye mpira wake umetumbukia katika unyayo wa kiboko. Meza ya kijani haijapata kujua huruma hiyo.

Pool, ndugu mdogo wa snuka, ilipoenea katika mabaa, iligeuza hesabu yote. Meza ni ndogo na inakula sarafu. Aliyeshinda hubaki, aliyeshindwa hutoka, na wanaongoja zamu wameegemea ukuta, macho yao yakihimiza. Hadhira hiyo haina subira na mwenye hadhari: akiuficha mpira humzomea na kumwita mwoga. Aliyelelewa na bao la Kiswahili ataona tofauti papo hapo, kwa kuwa katika bao mwenye mtaji, yaani nafasi ya kula kete za mpinzani, sharti ale, na kutakata, yaani kusambaza kete bila kula, ni kwa asiye na cha kula. Katika pool mwenye cha kula ana ruhusa ya kukiacha, na ruhusa hiyo, kwa rai yangu, ni mtihani mgumu kuliko shabaha.

Mtazame kijana aliyeingiza mfululizo mipira sita kati ya saba yake, baa nzima ikimshangilia, akabakiwa na mmoja ulioganda ukingoni. Kila mpira alioutia tunduni ulikuwa boma la kumzuia mpinzani, naye amelibomoa kwa mkono wake. Mpinzani mwenye mipira saba mezani ameachiwa njia wazi kila upande. Mchezaji mkongwe angeacha mmoja au miwili mbele ya matundu kama walinzi, na penye shaka angeugusa mweupe kwa upole, ukabingirika taratibu, ukajibanza nyuma ya mpira wake mwenyewe, akaweka fimbo chini akanywa bia.

Bia hiyo nayo imo katika tarikhi. Kampuni ya bia ya Njeru, ng'ambo ya mto, iliyoasisiwa mwaka 1951, iliudhamini mchezo kwa jina la bia yake, Nile Special, ukapata ligi na waamuzi, na mbele ya mwamuzi kuzomea hakuongezi wala hakupunguzi kitu. Baani bado wanazomea. Lakini yule mwenye sauti kubwa kuliko wote, zamu yake ikifika, huizunguka meza mara mbili kabla hajaishika chaki.