Neno «bingwa wa dunia» na nusu marathoni ya Edmonton, 2005

Mwezi Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Felix Simbu alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha, na Tanzania ikahesabiwa kuwa imepata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Kauli hiyo ni sahihi. Lakini ikifupishwa, ikasemwa kwamba Simbu ndiye Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika riadha, inapotoka, kwa kuwa inamfuta mtu mwingine. Lugha yetu yenyewe inachangia: neno «mashindano» kwa desturi hutumika katika wingi, hata msikilizaji asijue kama linatajwa shindano moja au mengi.

Kuna ubingwa mwingine wa dunia, ulio mdogo kwa sifa ila si kwa ugumu. Shirikisho la Kimataifa la Riadha lilianzisha Mashindano ya Dunia ya Nusu Marathoni mwaka 1992, kati ya Newcastle na South Shields, Uingereza, na Benson Masya wa Kenya akawa mshindi wa kwanza upande wa wanaume. Masafa ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Hushindaniwa pia ubingwa wa timu, kwa kujumlisha muda wa wakimbiaji watatu bora wa kila nchi.

Ni hapo ambapo Watanzania walijenga kitu ambacho waandishi wa riadha hukipita haraka mno. Bristol, 2001: Haile Gebrselassie wa Ethiopia anashinda, John Yuda anakuwa wa tatu. Brussels, 2002: Yuda ni wa tatu tena. Vilamoura, Ureno, 2003: Martin Lel wa Kenya yuko mbele, Fabiano Joseph wa pili, Martin Sulle wa tatu, Watanzania wawili jukwaani kwa siku moja. New Delhi, 2004: Fabiano ni wa pili tena, nyuma ya Paul Kirui wa Kenya.

Ndipo ikaja Edmonton, Kanada, tarehe 1 Oktoba 2005. Fabiano, aliyezaliwa mwaka 1985, alimaliza kwa saa 1, dakika 1 na sekunde 8. Aliyemfuata kwa karibu sana alikuwa Mubarak Hassan Shami, mzaliwa wa Kenya aliyekimbia kwa jina la Qatar. Wa tatu alikuwa Yonas Kifle wa Eritrea. Ushindi huo haukuzuka siku ile: ulikuwa mwaka wa tano mfululizo wa nishani za Tanzania katika mbio hizo.

Atakayetazama muda peke yake atamdharau Fabiano, maana mwaka 2007, huko Udine, Zersenay Tadese wa Eritrea alishinda kwa dakika 58 na sekunde 59. Kwa maoni yetu kipimo hicho hakitoshi: katika ubingwa mtu hutafuta nafasi kwanza, na njia na hali ya hewa hubadilika kila mwaka.

Baada ya Edmonton mfululizo ulikatika. Zersenay alitawala hadi 2009, akarudi kushinda 2012. Kisha ikawa zamu ya Geoffrey Kamworor wa Kenya, 2014, 2016 na 2018. Mwaka 2023, mjini Riga, nusu marathoni iliingizwa katika Mashindano ya Dunia ya Mbio za Barabarani. Hadi hapo hakuna mwanamume mwingine wa Tanzania aliyekuwa amepanda jukwaa lake kwa nishani ya mtu binafsi.